Hodi ya Tatu

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa varandani, mkononi kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, nikasikia maabara ya kompyuta ikinyamaza upande wa pili wa ukuta. Feni ndogo za ndani ya mashine, ambazo huvuma kutwa mpaka sikio likasahau kwamba zinavuma, zilikatika zote kwa pamoja. Kikapita kimya cha pumzi moja. Kisha zikaanza kulia, ti, ti, ti-ti, ti, kila mashine ikitangaza kwamba imeamka, kama matone ya kwanza yanapopiga bati la jirani kabla mvua ya mlimani haijakufikia wewe. Feni zikarudi. Sikufungua mlango kuangalia. Nilijua nitakachokuta: skrini safi, zote zina nembo ya chuo, hakuna faili hata moja juu yake.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba na dakika sita mchana. Kazi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa mbili ilikuwa imekwisha kabla wali haujaisha kantini. Ilikuwa siku ya kufurahi. Nikamwaga chai kwenye maua, nikarudi ofisini kukaa.

Chuo chenyewe ni kidogo, kiko upande wa Bigwa, pale mji unapochoka na mlima unapoanza. Asubuhi za masika wingu hushuka mpaka kwenye paa la maktaba, na wanafunzi huingia darasani na tope jekundu kwenye soli. Niliajiriwa kitengo cha TEHAMA mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Wenzangu wa kundi letu la waandishi niliwaambia kwamba nimechukua kazi ile ili mashine zifanye kazi, nami niandike riwaya. Ilikuwa kweli kwa miezi mitatu. Kisha mama yangu akafariki, na baada ya hapo sikuandika, wala sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, haujibu. Neno lake ni ganzi. Nilikuwa nimelitumia kwenye hadithi zangu mara nyingi, kwa urahisi, kama mtu anayekopa mwavuli.

Skripti, kwa asiyeijua, ni karatasi ya maagizo. Unaiandika mara moja, mashine moja inaisoma na kuyapeleka maagizo yale kwa mashine nyingine zote zilizounganishwa nayo: zima, washa, futa, weka programu hii. Bila skripti ungetembea meza hadi meza mpaka jioni. Sisi tulikuwa na kompyuta arobaini na moja, thelathini na sita maabara na tano maktaba. Wanafunzi huleta flashi zenye virusi, hupakua filamu, huacha picha za harusi za dada zao. Kwa hiyo kila Ijumaa saa saba, watu wakienda kuswali au kula, skripti ilifuta kila kilichohifadhiwa kwenye mashine na kuziwasha upya. Ukutani pana tangazo: USIHIFADHI KAZI YAKO HAPA. Halisomwi na mtu.

Aliyeiandika alikuwa fundi aliyenitangulia, mzee mfupi wa makobazi, mwenyeji wa milimani. Alinikabidhi ofisi kwa nusu saa tu, begi lake likiwa tayari mlangoni, kwa sababu alikuwa anawahi basi Msamvu kwenda kituo alikohamishiwa. Nilimwuliza kama kuna jambo la kuangalia kwenye skripti.

"Nimeandika humo humo," akasema. "Soma palipo na alama za reli."

Mstari unaoanza na alama ya reli mashine huuruka. Ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Siku ile ile nilifungua skripti nikasoma aliyoniachia:

# Piga hodi. Mwenye nyumba akiitika, ingia.
# Asipoitika, ngoja. Piga tena.
# Hodi ya tatu asipoitika, rudi ulikotoka. Andika namba yake, umfuate kwa miguu.

Hakuwa anatania. Mashine isiyo na mtu ndani skripti yake iliisafisha moja kwa moja, lakini mashine ambayo mtu ameingia kwa nywila yake na hajatoka, ilipigiwa hodi. Kijisanduku kilitokea katikati ya skrini, kimeandikwa HODI, na chini yake vitufe viwili, KARIBU na SUBIRI. Ukibofya Karibu, inasafisha. Ukibofya Subiri, inakuacha. Usipobofya chochote, inangoja, inapiga ya pili, inangoja, inapiga ya tatu, kisha inaondoka na kuhamia mashine inayofuata. Moja baada ya moja, kama mgeni anayepita mtaa mzima na kukaa barazani kwa kila mtu. Mwisho ilichapa orodha ya wasioitika, na fundi aliinuka na makobazi yake kwenda kuwatazama.

Miezi ya mwanzo nami nilizunguka. Mashine ya arobaini na moja, ile ya pembeni kabisa maktaba karibu na dirisha, ilikuwa kwenye orodha karibu kila Ijumaa. Nikifika nilikuta skrini imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua, kama vile watu wanavyofunika redio sebuleni. Nikadhani skrini imekufa, wameifunika wasiione. Kwenye daftari langu niliandika: 41, mbovu? Nikaipita. Baada ya msiba niliacha kuzunguka kabisa, na hakuna aliyelalamika.

Kisha yakaja mabadiliko ya ratiba. Mitihani ya kwenye kompyuta ingefanyika Ijumaa saa nane, na mkuu wangu wa kitengo, mtu mcheshi mwenye sauti ya soko, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, hii skripti yako inakwenda kama inatembelea wagonjwa."

"Ni ya mzee," nikamwambia.

"Ilikuwa ya mzee. Sasa ni yako. Saa nane nina watahiniwa mlangoni, na yenyewe bado iko barazani kwa watu inapiga hodi. Inaomba na maji ya kunywa?"

"Watu wanaacha kazi zao wazi, bosi. Wasipoitika..."

"Wasipoitika wamekubali. Wewe hujahudhuria ndoa? Bibi harusi anaulizwa, ananyamaza, mashangazi wanapiga vigelegele. Akinyamaza amekubali."

"Na akikataa?"

"Akikataa atalia. Kompyuta ikilia utaisikia."

Alicheka peke yake mpaka korido nzima ikamsikia. Mimi niligeukia skrini. Ilikuwa kazi nzuri, ya kichwa tu, haikunidai kitu kingine. Nilibadilisha skripti iende kwa mashine zote kwa wakati mmoja badala ya moja moja. Hodi nikaacha moja, ya dakika moja. Nikaongeza na jambo ambalo sikuagizwa: isifute tu, iandike sifuri juu ya kila kilichofutwa, kisiweze kurudishwa tena, ili virusi visikute pa kurudia. Nikafuta mistari ya mzee yenye alama za reli, mmoja baada ya mwingine, na mahali pake nikaandika wangu:

# Akinyamaza amekubali.

Sasa niseme habari za mhudumu wa maktaba, kwa sababu yote haya yalimwangukia yeye.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, Mluguru wa Kinole. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kurudisha vitabu kwenye rafu, na kuwanyamazisha wanafunzi kwa kuwatazama tu. Mlango wa maktaba una springi kali. Usipoushika hujibamiza mpaka vioo vikatetemeka. Yeye hakuwahi kuuachia. Akipita huuwekea kisigino nyuma, ukajifunga polepole, bila sauti. Tangu nifiwe, ndiye mtu pekee chuoni aliyeacha kuniambia pole. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," ataitika, "Marahaba mwanangu," na kuniwekea ndizi mbili juu ya meza kama mtu anayelipa ushuru.

Alikuwa na kesi ya shamba. Si ya mahakamani, ya ukoo. Kwao nyumba hufuata mama: ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mtoto wa mjomba huhesabiwa kwenye ukoo wa mama yake mwenyewe. Sasa mtoto wa mjomba wake alikuwa ameingia kwenye shamba la bondeni, lenye migomba na pilipili manga, ambalo mama yake alililima na mama wa mama yake. "Ana ukoo wake," aliniambia mhudumu. "Si akalime kwa mama yake?" Wazee walipanga kikao Jumamosi. Walichotaka ni kimoja: awataje kina mama wa shamba lile kwa mpangilio, kuanzia yeye kurudi nyuma mpaka aliyefyeka msitu, na kila mmoja alipanda nini, na mpaka wake aliuwekea wapi masale, ile mimea ya mipakani. Walikuwa saba.

Aliyewajua wote saba alikuwa mama yake mkubwa huko juu. Kwa miezi kadhaa mhudumu alimpigia simu kwa kitochi chake, akakiegemeza kwenye kibodi huku sauti imefunguliwa, na kuandika kwa vidole viwili yale mama mkubwa aliyokuwa akisema. Masika mama mkubwa akafariki. Maandishi yakabaki.

"Yote yako kwenye mashine," aliniambia Jumatano ya wiki ile niliyobadilisha skripti. "Imebaki kuyapanga. Ijumaa jioni nitakuomba unichapie."

"Sawa, mama," nikasema.

Sikumwuliza mashine ipi. Nimejirudia mara nyingi pale, kwenye kiti kile, ndizi mbili mezani, na kila nikirudi nasema sawa mama, na siulizi.

Ijumaa ile, kama saa nane kasoro robo, alirudi kutoka kuswali. Nilikuwa bado nimekaa. Nikamsikia mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, mama."

"Mwanangu, njoo unitazamie. Nimeondoa kitambaa, nimeingiza nywila, nimekuta nyumba tupu."

Nilikwenda. Kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjwa vizuri kando ya kibodi. Skrini haikuwa imekufa. Ilikuwa inang'aa, buluu, na nembo ya chuo katikati.

"Ulihifadhi wapi?"

"Hapo mbele. Ukifungua tu unaiona."

"Na kwenye flashi?"

"Flashi ya nini? Mzee wenu aliniambia hapa ni salama, yeye haingii bila kuitikiwa. Kila Ijumaa nikitoka naiacha wazi. Yeye alikuwa akija, anainua kitambaa, anaona kazi yangu, anakifunika."

Nikakaa. Nikatafuta mahali pa kwanza, na pa pili, na mahali ambapo watu wasio na ufundi hawajui kwamba vitu vilivyofutwa huendelea kukaa. Palikuwa na sifuri. Nilikuwa nimezipanda mwenyewe, safu kwa safu, kama mahindi. Nilisubiri kitu kinipande kifuani. Hakikupanda. Niliona mikono yangu juu ya kibodi, nikaona kucha zinahitaji kukatwa.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe nini?"

"Skripti. Nimeibadilisha. Niliiambia isisubiri."

"Haikupiga hodi?"

"Ilipiga. Mara moja."

"Nilikuwa nimekwenda kuswali."

"Najua."

Alinitazama kwa yale macho ya kunyamazisha wanafunzi, ila safari hii mimi nilikuwa tayari nimenyamaza.

"Hodi moja," akasema. "Mwanangu, hata mwizi hupiga mbili, asikilize kama mna watu."

Hakupaza sauti. Alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa kando yangu. Kupitia dirishani mlima ulikuwa wazi kabisa, kila korongo linaonekana, na nakumbuka niliuona kama picha ya kalenda. Akasema nifungue ukurasa mpya. Akasema atataja, mimi niandike, kwa kuwa vidole vyangu ni kumi.

Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili mama yake, aliyepanda pilipili manga. Wa tatu mama wa mama yake, aliyepanda migomba ya chini na kuweka masale upande wa kijito. Majina siyaandiki hapa, si yangu. Wa nne alikuja polepole. Wa tano alikuja na wimbo mdogo aliouimba kwa pua ili alivute jina. Wa sita hakuja. Nilisubiri. Wanafunzi wa mitihani walikuwa wanapita nje, viatu vyao vikigonga sakafu.

"Wa sita ndiye aliyeweka masale ya juu," akasema. "Au ni wa saba? Mama mkubwa aliniambia mara mbili, na mara zote mbili tofauti. Nikaandika zote mbili, nije nizipatanishe. Unajua ukishaandika, kichwa kinatua mzigo. Kinasema, haya, yako kwenye mashine."

"Jaribu tena, mama. Taratibu."

"Najaribu." Akafumba macho. Akayafumbua. "Wewe wa kwenu unawajua wangapi?"

"Mama," nikasema. "Na mama yake."

"Wawili."

"Wawili."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehakikisha hesabu ya vitabu vilivyorudishwa. Akasema niandike "wa sita" na niache mstari mtupu, niandike "wa saba" na niache mstari mtupu, labda usiku Mungu atamkumbusha. Nikachapa. Ukurasa ulitoka ukiwa wa moto, akaupepea kidogo, akaukunja mara mbili na kuuweka kifuani. Alipotoka aliuwekea mlango kisigino. Haukutoa sauti.

Jumatatu alinisimulia huku anafuta rafu, hakugeuka kunitazama.

"Walinisikiliza vizuri mpaka wa tano. Wa sita nikababaika. Kidume, yule mtoto wa mjomba, kikasimama. Kinasema, mimi sikuvamia. Mimi nilipita pale miaka mitatu, kila nikipita napiga hodi. Hodi, shamba la nani hili? Kimya. Hodi, kuna watu? Kimya. Nikasema asiyeitika hayupo, nikaingia."

"Ni kweli alipiga hodi?"

"Nani ataipigia migomba hodi?" Akacheka kidogo, kikavu. "Lakini mimi nilikuwa wapi? Huku. Nafuta vumbi."

"Wazee wakasemaje?"

"Wamesema majina yangetimia yangetosha. Hayakutimia. Basi shamba ni la atakayekuwa pale kuitika. Wamenipa mpaka mvua za vuli. Zikinyesha wakanikuta naishi pale, ni langu. Wasiponikuta, lake." Akarudisha kitabu mahali pake, akakisukuma kwa kidole kilingane na vingine. "Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nimeandika kwa mkono."

Nilisema samahani, nikasikia neno lenyewe likitoka kama tangazo la kituo cha basi. Akasema, "Nimesikia, mwanangu," akahamia rafu nyingine.

Nilirudi kwenye skripti wiki hiyo hiyo. Nilipofungua, niliona jambo ambalo lingenichoma kama ningekuwa na pa kuchomwa. Skripti ya mzee haikuwa nzito kwa sababu ya hodi tatu. Ilikuwa nzito kwa sababu ilisubiri kwenye mlango mmoja mpaka mwisho ndipo iende mwingine. Mimi nilikuwa nimekwisha kuipa uwezo wa kwenda kwa wote kwa pamoja. Ningeacha hodi zake zote tatu, na bado isingefika robo saa, kwa kuwa kusubiri kwenye milango arobaini na mmoja kwa pamoja hakuchukui muda mrefu kuliko kusubiri kwenye mlango mmoja. Sikuwa na haja ya kuchagua. Nilikuwa nimetupa kitu ambacho hakikuwa kikinizuia.

Nikaandika upya. Ibishe hodi kwa wote kwa pamoja. Wanaoitika, iingie. Wanaosema subiri, iwaache. Wasioitika mpaka hodi ya tatu, isiwaguse, iandike namba zao. Sifuri nikaziondoa. Mistari ya mzee nikairudisha kwa kuikumbuka, neno kwa neno. Hiyo nilikuwa nimeihifadhi kichwani bila kukusudia.

Mkuu wa kitengo alikuja akasoma begani kwangu.

"Hodi zimerudi! Sasa dada, umeboresha au umerudisha nyuma?"

"Nimeboresha. Dakika kumi na mbili."

"Na hawa wasioitika?"

"Nitawafuata kwa miguu."

"Wote?"

"Kwa kawaida ni kumi, kumi na wawili. Nitawahi kabla ya saa nane."

Alitaka kutania, nikaona mdomo unajiandaa. Kisha nadhani aliona uso wangu, akasema tu, "Haya, makobazi unayo?" akaenda zake. Tangu hapo kila Ijumaa ninazunguka. Nimekuta barua ya posa iliyoandikwa nusu. Nimekuta taarifa ya mafunzo kwa vitendo ya mwanafunzi aliyesinzia juu ya meza, shavu juu ya mkono. Ninaangalia, ninaacha, ninaandika namba. Ni kazi isiyo na hisia nyingi, nami sikuwa nazo.

Ijumaa ya mwisho ya mhudumu ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi, mlima umekauka mpaka unaonekana uko karibu. Nilikwenda maktaba kabla ya saa saba, safari hii bila kusubiri orodha. Alikuwa ameshafungasha: kapu la ukili, mfuko wa rambo wenye viatu vya kazini, mbegu za kitu fulani zimefungwa kwenye karatasi. Wenzake walikuwa wamekwisha kumuaga kwa soda, chupa tupu ziko juu ya kaunta. Alikuwa amekaa kwenye mashine ya arobaini na moja, hafanyi kitu, ameingia tu kwa nywila yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumsubiri mgeni wako. Leo siendi kuswali mpaka abishe. Nitaswali nyumbani."

Nikasimama nyuma ya kiti chake. Saa ya ukutani ya maktaba iko mbele kwa dakika mbili, hivyo ilipita saa saba na hakikutokea kitu, akageuka kunitazama kama kunisuta. Kisha kijisanduku kikaja katikati ya skrini. HODI.

"Loo," akasema. "Amefika."

Akakiacha. Aliweka mikono mapajani akakitazama mpaka kikaondoka. Kikaja cha pili. Nyuma yetu mashine nyingine za maktaba zilikuwa zinazimika na kuwaka, zikilia ti, ti, na yeye hakugeuka. Nilihesabu moyoni. Nilikuwa nimeandika mwenyewe sekunde ngapi zipite kati ya hodi na hodi, lakini zilikuwa nyingi kuliko nilivyozijua.

Kikaja cha tatu.

"Sasa ana adabu," akasema. Akachukua kipanya kwa mkono wa kulia, akakipeleka taratibu, kwa jinsi watu wa umri wake wanavyofanya, kama anasukuma kitu chenye uhai, akabofya KARIBU.

"Hakuna cha kuchukua humo," akaiambia skrini. "Pita tu."

Skrini ikawa nyeusi. Akachukua kitambaa cha maua, akakikung'uta mara moja, akaanza kukifunika juu yake, kisha akabadili mawazo akanipa mimi. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi, kina harufu ya vumbi la vitabu.

"Ukipita Kinole," akasema, "piga hodi. Nitakuwepo."

"Nitapita, mama."

"Piga tatu. Shamba ni kubwa, naweza kuwa chini kijitoni."

Nikataka kumbebea kapu mpaka barabarani, akakataa, akasema mashine zangu zinanisubiri, orodha imeshatoka. Ni kweli ilikuwa imetoka. Alijitwika kapu, mkono mmoja ukalishika, mwingine ukabeba mfuko wa viatu na zile mbegu. Akapita kwenye rafu zake akizitazama moja moja, akausukuma mlango kwa bega, akatoka. Kisigino hakikubaki nyuma. Springi ikavuta, na mlango ukajibamiza.